Kutoka Bogoria Hadi Banjul: Jinsi Mashirika ya Nje na ya Nyumbani Yanavyoshirikiana Kutetea Haki

Muhula uliopita chama chetu kilijadili hoja hii: "Mashirika ya kigeni ya kutetea haki za binadamu yanajiingiza katika mambo yasiyoyahusu." Walioiunga mkono hoja waliibuka washindi, tena kwa kura nyingi. Walituambia kwamba mashirika hayo ni magari makubwa na mikutano ya hotelini tu, na kwamba mtu wa Ulaya hawezi kulia kilio cha mtu wa Baringo. Mwishoni wakauliza swali moja: je, kuna mwananchi wa kawaida wa Bonde la Ufa aliyewahi kufaidika na watu hao? Ukumbi ukanyamaza kimya.

Jibu lipo. Kuna kesi mbili, na zote zimetoka mahali palipo karibu nasi kuliko Nairobi. Moja iliwahi kusikizwa na Mahakama Kuu ya hapa hapa Nakuru. Ya pili ni ya watu wa Msitu wa Mau, huko unakoanzia Mto Njoro ambao humwaga maji yake katika ziwa letu. Katika makala haya nitaeleza kesi hizo, na kupitia kwazo utaona ushirikiano huo hufanya kazi vipi na unakwama wapi.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu maneno. Neno "shirika" lina asili ya Kiarabu, na limetoka katika mzizi ule ule uliotupatia "shiriki", "mshirika" na "ushirikiano". Mtu akishasema shirika, tayari amesema kwamba wenye jambo ni zaidi ya mmoja. Lakini mashirika ya kimataifa si ya aina moja, na siku ya mjadala pande zote mbili ziliyaweka katika kapu moja. Yapo yaliyoundwa na serikali, kama vile Umoja wa Mataifa, UNESCO na Umoja wa Afrika. Wanachama wa haya ni nchi. Halafu yapo yaliyoundwa na raia, kwa mfano Minority Rights Group, ambalo huitwa MRG kwa kifupi. Makao yake ni London na kazi yake ni kutetea jamii ndogo ndogo duniani. Shirika kama hili halina askari wala korti, na haliwezi kumwamuru waziri yeyote. Silaha zake ni mawakili, karatasi na kelele.

Nyumbani nako tunayo yetu. CEMIRIDE ni shirika la Kenya linalotetea haki za jamii za wachache. Jamii ya Waendorois ina baraza lake la ustawi, nao Waogiek wana shirika lao liitwalo OPDP, ambalo makao yake ni hapa Nakuru. Tafadhali yashike majina haya kichwani, kwa maana yatarudi.

Sasa twende Bogoria. Ukitoka Nakuru ukapitia Mogotio kuelekea kaskazini utafika kwenye ziwa lenye chemchemi za maji yanayochemka na flamingo wengi, ambao katika Kiswahili huitwa heroe. Kwa watalii hapo ni mahali pa kupigia picha. Kwa Waendorois, ambao ni wafugaji, hapo palikuwa kila kitu. Ng'ombe walilisha kando ya ziwa na kulamba chumvi yake. Maombi na sherehe za tohara zilifanyiwa huko, na wazee waliofariki walizikwa huko. Mwaka 1973 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama. Wakati huo ziwa bado liliitwa Hannington, jina la askofu mmoja Mwingereza. Familia za Waendorois zikaambiwa zihame, zikaenda kukaa sehemu kavu zaidi, na mifugo ikafa kwa wingi. Kuhusu fidia, uamuzi nitakaoueleza hapa chini unataja shilingi 3,150 kwa kila familia, tena kwa familia 170 tu. Jamani, familia nzima!

Ardhi hiyo haikuwa na hatimiliki ya mtu mmoja mmoja. Ilikuwa ardhi ya amana, yaani baraza la kaunti liliishikilia kwa niaba ya wenyeji. Waendorois wakaona kwamba aliyewekewa amana ameitumia vibaya, wakaenda kortini. Kesi yao ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2000 dhidi ya Baraza la Kaunti la Baringo, na mwezi wa Aprili 2002 ikatupwa. Mahakama ilisema, kwa ufupi, kwamba sheria haimpi mtu haki ya kufaidi rasilimali eti kwa sababu tu amezaliwa karibu nayo.

Msomaji, usiharakishe kumlaumu jaji. Sheria ya Kenya ya wakati huo ilimjua mtu mmoja, na ililijua baraza la kaunti. Jamii nzima iliyosimama na kusema "hili ni letu sote tangu mababu" haikuwa na mlango wa kuingilia. Hapo ndipo mlango wa nje ulipohitajika.

Mlango wenyewe ni Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ulipitishwa mwaka 1981, tena ulipitishwa Nairobi! La ajabu ni kwamba Kenya yenyewe haikujiunga nao hadi mwaka 1992, miaka 11 baada ya kuwakaribisha wengine waje kuupitisha nyumbani kwake. Sisi wa chama cha Kiswahili tulitazame vizuri jina la mkataba huu. Kwa nini useme "binadamu" kisha uongeze "na watu"? Kwani watu si binadamu? Sababu ni kwamba "binadamu" hapa ni mtu mmoja mwenye haki zake, nao "watu" ni jamii nzima yenye haki zake za pamoja: ardhi, utamaduni, mali ya asili, maendeleo. Maneno hayo mawili ya mwisho, "na watu", ndiyo yaliyowabeba Waendorois.

Mkataba unasimamiwa na Tume ambayo makao yake ni Banjul, Gambia. Raia au shirika linaweza kuipelekea Tume malalamiko dhidi ya serikali, lakini lina sharti: lazima kwanza uwe umejaribu mahakama za kwenu. Kwa hiyo ile kesi iliyoshindwa hapa Nakuru haikupotea bure. Ndiyo iliyokuwa tiketi ya kwenda Banjul. Mwaka 2003 malalamiko yakafikishwa huko na CEMIRIDE pamoja na MRG kwa niaba ya Baraza la Ustawi la Waendorois.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Waendorois ndio walioijua kila chemchemi na kila kaburi, na ndio waliokuwa na mashahidi. CEMIRIDE waliijua Kenya na sheria zake. MRG walijua njia ya Banjul, namna ya kuandika malalamiko kulingana na vifungu vya Mkataba, na kesi za nchi nyingine zilizofanana na hii. Shirika jingine la kimataifa, COHRE, lililoshughulikia haki za makazi, likaandikia Tume maelezo ya kuisaidia. Lakini wazee wa Bogoria wangefikaje Gambia, upande wa pili wa Afrika? Hapo likaja shirika la WITNESS la Marekani, ambalo kazi yake ni kuwasaidia watu kutumia picha za video kama ushahidi. Likashirikiana na CEMIRIDE kutengeneza filamu, na filamu hiyo ikawasilishwa mbele ya Tume. Kwa njia hiyo wazee wakasema wenyewe, mbele ya ziwa lao, bila kupanda ndege.

Kwangu mimi hili ndilo jibu la wale waliosema mgeni hawezi kulia kilio cha mwenyeji. Ni kweli hawezi, na hapa hakulia. Alileta kamera, mwenyeji akalia mwenyewe.

Mwezi wa Novemba 2009 Tume iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja Mkataba, na mwanzoni mwa 2010 Umoja wa Afrika ukaupitisha uamuzi huo. Tume ilipendekeza Waendorois watambuliwe kama wenye ardhi na warudishiwe, waruhusiwe kufika ziwani kwa ibada na malisho, walipwe fidia, na wapate mrabaha kutokana na mapato ya eneo hilo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tume kuamua kwamba haki ya jamii asilia juu ya ardhi ya mababu imevunjwa, na ilisema pia kwamba haki ya maendeleo imevunjwa. Wanafunzi wa sheria katika nchi za mbali husoma jina la Endorois vitabuni. Sisi tulio mwendo wa matatu moja tu tunakumbuka chemchemi za kuchemshia mayai.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Mwaka 2011 UNESCO iliyaweka maziwa matatu ya Bonde la Ufa katika orodha ya Urithi wa Dunia: Bogoria, Elementaita na Nakuru letu. Wengi tuliofundishwa jambo hili tulifundishwa kama heshima, na ni heshima kweli. Lakini Waendorois hawakuombwa kibali chao wakati Bogoria lilipoandikishwa, ilhali Tume ilikuwa imekwisha kusema kwamba hiyo ni ardhi yao. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Tume ya Banjul ikatoa azimio la kulalamikia jambo hilo. Umeona? Shirika moja la kimataifa likilisahihisha jingine kwa ajili ya wafugaji wa Baringo. Kwa hiyo mtu anayesema "mashirika ya kimataifa ni mazuri" na yule anayesema "ni mabaya", wote wawili wanaruka swali. Swali ni hili: wenyeji waliulizwa?

Marekebisho yalifanyika mwaka 2014. Mwezi wa Mei katika mji wa Kabarnet, wawakilishi wa Waendorois, serikali ya Kaunti ya Baringo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na tume ya Kenya inayohusika na UNESCO walikaa pamoja na kutia sahihi makubaliano ya kuwatambua Waendorois katika usimamizi wa ziwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo serikali kuu ikateua jopo la kutazama jinsi uamuzi wa Banjul utakavyotekelezwa. Hata hivyo, jopo hilo halikuwa na Mwendorois hata mmoja ndani yake. Muda wake ulikwisha, na ardhi haikurudishwa.

Kwa nini serikali iliweza kukaa hivyo? Hapa kuna jambo ambalo ni lazima tulielewe vizuri. Tume hupendekeza, mahakama huamuru. Maneno ya Banjul yana uzito wa heshima na aibu, lakini si hukumu ya korti. Ndiyo maana kesi ya pili, ya Waogiek, ilichukua njia tofauti kidogo.

Waogiek ni wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau. Mwezi wa Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke msituni. Sababu iliyotolewa ni kuhifadhi chemchemi za maji. OPDP hawakungoja siku ziishe. Pamoja na CEMIRIDE na MRG, yaani wale wale wa Bogoria, walikimbilia Tume, na tarehe 23 Novemba 2009 Tume ikaitaka Kenya isimamishe uhamisho huo. Mtu akiniuliza faida ya kuwa na rafiki anayejua njia kabla ya shida kufika, nitamtajia tarehe hiyo. Waendorois walikaa miaka 30 kabla ya kufika Banjul. Waogiek walifika kabla ya mwezi wa pili kwisha.

Baadaye ilionekana wazi kwamba kusihi hakutoshi, na mwaka 2012 Tume yenyewe ikaipeleka kesi kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Unaweza kuuliza, mbona OPDP hawakwenda Arusha moja kwa moja, maana Arusha ni karibu kuliko Banjul? Hawangeweza. Ili raia au shirika lisilo la serikali lifungue kesi katika mahakama hiyo, ni lazima nchi yake iwe imetoa tamko maalumu la kuruhusu. Kenya haikulitoa. Tanzania ililitoa mwaka 2010, kisha ikaliondoa mwaka 2019. Kwa hiyo Waogiek walihitaji mtu wa kuwaingizia kesi yao mlangoni, naye alikuwa Tume.

Kesi ilisikizwa Addis Ababa mwezi wa Novemba 2014, na hukumu ikasomwa Arusha tarehe 26 Mei 2017. Serikali ya Kenya ilijitetea kwamba Waogiek waliondolewa ili msitu uokolewe. Majaji walikataa. Walisema uharibifu wa Mau ulitokana zaidi na uvamizi wa watu wengine, na serikali kukata vipande vya msitu kuwa makazi na kutoa leseni za kukata miti ovyo. Wanaoujua mto wetu unavyokauka wakati wa kiangazi wana haki ya kuuliza ni nani aliyekata, na hapa mahakama imejibu: si mrina asali. Mwezi wa Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa mateso ya moyo, zitiwe katika mfuko wa maendeleo ya jamii, tena ardhi ya mababu irudishwe kwa kupimwa na kupewa hatimiliki ya pamoja.

Sasa nirudi kwa wenzangu walioshinda mjadala, kwa sababu nusu ya waliyosema ni kweli na sitaki kuificha. Pesa za kesi ndefu kama hizi hutoka nje kwa sehemu kubwa. Mfadhili akichoka, shirika la nyumbani hubaki na faili na deni. Mikutano ya hotelini ipo. Lakini hebu fikiria kesi hizi bila upande mmoja. MRG bila Waendorois wangekuwa ofisi ya London yenye vitabu vingi na bila shahidi hata mmoja. Waendorois bila MRG wangebaki na ile hukumu ya Nakuru ya 2002. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa vidole vilikuwa vinne au vitano.

Tatizo langu mimi liko kwingine. Njia ya kwenda, kutoka kijijini hadi Nakuru, hadi Nairobi, hadi Banjul au Arusha, imekwisha kukanyagwa na inajulikana. Njia ya kurudi haina mwenyewe. MRG haiwezi kuchora ramani ya shamba la Mkenya. Tume haina mpima ardhi. Majaji wa Arusha wakishasoma hukumu, anayetakiwa kuitekeleza ni ile ile serikali iliyoshindwa kesi. Tangu 2010 tuna Katiba inayosema mikataba ambayo Kenya imeidhinisha ni sehemu ya sheria za Kenya, na inayoitambua ardhi ya jamii. Mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya ardhi ya jamii. Maana yake ni kwamba ule mlango uliokosekana hapa Nakuru mwaka 2002 sasa upo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni mtu wa wizarani wa kuufungua. Hiyo ni kazi ya mashirika ya nyumbani, na ya wabunge tunaowachagua, kuliko ya mgeni yeyote.

Mfano wa karibuni ni huu. Mwezi wa Novemba 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya hukumu ya fidia, mamia ya Waogiek waliondolewa Sasimwani, upande wa Narok wa Msitu wa Mau, na nyumba zao zikabomolewa. OPDP na MRG walipaza sauti tena, pamoja kama mwaka 2009. Hatimiliki ya pamoja iliyoamriwa mwaka 2022 ilikuwa bado haijatolewa.

Hukumu ya Waogiek ni Ombi Nambari 006/2012, nao uamuzi wa Waendorois ni Malalamiko Nambari 276/2003. Yeyote anaweza kuzisoma, ila zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na mzee wa Bogoria au wa Mariashoni hatazielewa hivyo zilivyo. Baadhi yetu tumeanza kutafsiri kwa Kiswahili mapendekezo ya Banjul, na tumefika pendekezo la tatu. Tumekwama kwenye maneno kadhaa ya kisheria. Anayetaka kutusaidia aje maktaba siku ya Alhamisi baada ya masomo, lakini awahi, maana sisi wa shule ya kutwa ikifika saa kumi na moja ni kukimbilia matatu.